MJADALA: Kamera iingie wodi ya wagonjwa wa akili au isiingie? Na ruhusa atoe nani?

Wakuu naomba hili tulijadili kwa utulivu, maana kila likiguswa watu wanagawanyika na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Kuna wanaosema filamu za kweli zinazopigwa ndani ya hospitali za magonjwa ya akili ni udhalilishaji mtupu na zizuiwe, na kuna wanaosema bila kamera hatutakaa tujue kinachoendelea kule ndani. Msimamo wangu nautaja mapema ili anayenipinga ajue anapinga nini: kamera iingie, ila ruhusa isitoke kwa mganga mfawidhi wala wizarani. Itoke kwa mgonjwa mwenyewe, au kwa mtu anayemsimamia yeye, sio anayeisimamia hospitali.

Kilichonifikisha hapo ni Titicut Follies. Kwa wasioijua, ni filamu ya Frederick Wiseman ya mwaka 1967, haina waigizaji wala msimulizi, ni kamera tu inazunguka ndani ya Bridgewater, jimbo la Massachusetts huko Marekani, sehemu inayoitwa hospitali lakini ilikuwa chini ya idara ya magereza na waliokuwa wakikaa na wagonjwa muda wote ni askari.

Kuna mzee mmoja humo, zamani alikuwa mwalimu, yuko uchi wa mnyama, askari wanamuuliza swali lilelile kwamba mbona chumba chako kichafu, anajibu, wanajifanya hawajasikia, wanamuuliza tena, na tena, mpaka anapandisha hasira anabaki kukanyaga sakafu kwa miguu yote miwili ndani ya chumba ambacho hakina hata godoro. Mwingine amegoma kula, wanamshika, daktari anampitishia mpira puani na kumimina chakula huku sigara iko mdomoni na majivu yamerefuka yananing'inia juu ya faneli, na katikati ya tukio hilo unakatiziwa picha za mtu huyohuyo akiwa ameshakufa, wanamnyoa ndevu taratibu kwa uangalifu ambao hakuupata akiwa hai. Halafu kuna kijana anawaambia madaktari kwa hoja kabisa, hapa mnanizidishia ugonjwa, nirudisheni gerezani, na akitoka tu chumbani wanakubaliana kwamba hali yake imekuwa mbaya aongezewe dawa. Yaani kujitetea kwake ndo kukawa dalili.

Sasa angalieni kilichofuata. Wakubwa wa jimbo ndio waliompa Wiseman ruhusa ya kurekodi, lakini filamu ilipotoka na aibu ikaonekana, jimbo hilohilo likakimbilia mahakamani kusema inaingilia faragha ya wagonjwa. Mwaka 1968 jaji akaizuia na akataka nakala ziharibiwe. Mwaka 1969 mahakama ya juu ya jimbo ikalegeza kidogo, ikasema waione madaktari, wanasheria, watu wa ustawi wa jamii na wanafunzi wa fani hizo, ila wananchi hapana. Mpaka 1991 ndo ikaruhusiwa kwa kila mtu.

Mimi hapo ndo huwa nakasirika. Faragha ya yule mzee haikumsumbua mtu yeyote wakati amevuliwa nguo na askari wamejaa mlangoni, ilianza kuwa na thamani siku picha ilipotoka nje ya geti. Lakini pia siwezi kumuosha Wiseman moja kwa moja, kwa sababu yule mzee tumemuona wote akiwa uchi na hasira zake, na sidhani kama mtu aliye kwenye hali ile anaweza kusema umempa nafasi ya kukubali au kukataa. Serikali ilimsemea, mtengeneza filamu alimsemea, mwenyewe hakusema.

Najua jibu litakalokuja: huyo ni mgonjwa wa akili, utamuombaje ruhusa? Jamani, ugonjwa wa akili sio usiku usiokucha. Nina ndugu wa damu anaishi na hali hiyo, kuna wiki haelewi hata yuko wapi na kuna miezi anajadili bajeti na siasa kunizidi mimi. Muulize akiwa mzima, muoneshe picha, muulize tena kabla haijatoka, na akighairi uifute. Ambaye hawezi kabisa kujibu, usimpige picha ya sura. Piga picha ya choo, piga sahani ya chakula, piga vitanda, piga mlango uliofungwa kwa kufuli nje. Ushahidi utakuwepo.

Na sio mambo ya Marekani peke yake. Mwaka 2011 CNN walirusha kipindi kuhusu wagonjwa wa akili Kenya, hospitali ya magonjwa ya akili ya Mathari jijini Nairobi ikiwemo, na mwaka huohuo tume ya taifa ya haki za binadamu ya Kenya ikatoa ripoti yake kuhusu huduma za afya ya akili nchini humo. Kwa hiyo anayesema kamera hazina faida mimi simuelewi. Ila hizi klipu za simu, mtu anamrekodi mwenzake amechanganyikiwa stendi halafu anaposti na vikatuni vya kicheko, hizo hazifichui chochote kwa yeyote, ni kumtesa mgonjwa mara ya pili, na Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022 lakini sioni watu wakiijali kwenye hili.

Ninapokwama ni kwa msimamizi. Nimesema asiwe wa hospitali, basi wengi mtasema ndugu. Na ndugu wengine ndo hao wanaomficha mgonjwa chumba cha nyuma miaka kwa miaka kwa kuona aibu, huyo atakataa kamera kwa faida yake mwenyewe. Sasa tumpe nani? Wakili? Chama cha wagonjwa wenyewe? Waliowahi kulazwa naomba mtangulie nyie kuchangia, sisi wengine tutafuata.