Naomba ushauri: kompyuta 120 za maabara, kampasi tatu za Nairobi, gridi moja ya utafiti

mtafiti_ngara: Habari zenu wadau. Kampasi tatu, moja mjini, moja Ngong Road na moja upande wa Thika Road, zina kompyuta 120 za maabara ambazo usiku hukaa bure. Kila moja ina kori 4, RAM ya GB 8 na Windows. Tunataka zifanye kazi za watafiti wa jenomu na wa modeli za mvua. Kati ya programu za kugawa kazi kwa kompyuta nyingi, tutumie BOINC au HTCondor? Na stima ikipotea kazi ikiwa katikati?

kori_nne: Anza na aina ya kazi. Gridi ya namna hii inafaa vipande visivyotegemeana: sampuli 400, kila moja kivyake. Modeli moja kubwa ya mvua ambayo kori 64 zinapashana matokeo kila mara itasubiri mtandao kuliko itakavyopiga hesabu. Hiyo itafutieni klasta, yaani kompyuta za chumba kimoja zilizounganishwa kwa mtandao wa kasi. Modeli ndogo ikiendeshwa mara 200 kwa vigezo tofauti, sawa kabisa.

BOINC ilitoka Berkeley kwa ajili ya watu wa kujitolea wasiojuana, ndiyo maana kazi moja hupelekwa kwa mashine zaidi ya moja ili majibu yalinganishwe. Mashine ni zenu, msipoteze nusu ya nguvu. Chukueni HTCondor.

mama_swichi: Mashine ya usimamizi na ile ya kutuma kazi zote ziwe na anwani ya umma isiyobadilika, poti 9618 ya TCP ikiwa wazi. Kompyuta za maabara zilizo nyuma ya NAT (zinazoshiriki anwani moja ya umma) ziandikieni `CCB_ADDRESS = $(COLLECTOR_HOST)` ili muunganisho uanzie kwao. CCB, huduma ya HTCondor inayopatanisha muunganisho huo, haisaidii pande zote mbili zikiwa zimejificha, na hapo ndipo wengi hukwama: amri ya `condor_status` inaonyesha kompyuta zote, lakini hakuna kazi inayoanza. Kama vyuo ni wanachama wa KENET, mtandao wa intaneti wa vyuo vya Kenya, ombeni anwani huko mapema.

Sasa data, maana ndiyo hula usiku mzima. Faili rejea ya GB 2 ikitumwa upya kwa kila kazi kati ya 400, hiyo ni GB 800. Kwa laini ya Mbps 100 ni karibu saa 18. Wekeni Squid, programu inayohifadhi nakala ya faili zilizopakuliwa, kila kampasi, faili ipitie HTTP: itavuka mara tatu tu, GB 6, kama dakika 8. Lakini pandisheni `maximum_object_size`, kwa sababu kiwango chake cha kawaida ni MB 4 na faili kubwa haihifadhiwi. Mstari huo utangulie wa `cache_dir`, la sivyo hauna kazi.

mtafiti_ngara: Asante sana. Na Windows? Programu za watafiti zote ni za Linux.

fundi_maabara: Usiibebeshe kompyuta ya GB 8 mashine pepe juu ya Windows. Ziwashe Linux kwa PXE, yaani kupitia mtandao, saa 3 usiku, zirudi Windows saa 12 asubuhi. Tenga sehemu ya diski, GB 60 hivi, kwa folda ya `EXECUTE`, ambako HTCondor huweka faili za kazi inayoendelea. Ukiiacha kwenye RAM, kazi zitaanguka moja baada ya nyingine. Kila kazi iandikwe `request_memory`, yaani RAM inayohitaji. Ya GB 3 zinaingia mbili kwa kompyuta, si nne.

Stima: UPS ni ya mashine ya usimamizi na ile ya kutuma kazi pamoja na swichi zake, si ya maabara. Programu ihifadhi hali yake kila dakika 20, itoke na namba 85 ili HTCondor ichukue hali hiyo kisha iiendeleze kazi, na faili ya kutuma kazi iwe na `checkpoint_exit_code = 85` pamoja na `transfer_checkpoint_files`. Kuhifadhi kwenye diski ya kompyuta ile ile hakutoshi, kwani imezimika na faili yako. Kagua pia betri za CR2032: zikiisha, saa inarudi miaka nyuma kompyuta ikiwaka na vyeti vya usalama vinakataliwa. Chrony, programu ya kusawazisha saa, iwepo kila mahali.

kori_nne: Naongezea la wenye maabara, kwa sababu wasiporidhika watachomoa nyaya. Kompyuta 120 zikila wati 100 kwa saa 9 ni kWh 108 kila usiku. Muandikiane nani analipa kabla ya kuwasha ya kwanza. Data za wagonjwa zisifike maabara za wazi, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 si ya kuchezea. Anzeni na kompyuta 20 za kampasi moja kwa mwezi.

mtafiti_ngara: Tumejaribu kwenye tano. Programu moja inafanya kazi kwa tatu, mbili zinasema "Illegal instruction".

fundi_maabara: Imekompailiwa kwa `-march=native`, yaani kwa prosesa ya kompyuta hiyo hiyo, kwenye kompyuta mpya, na hizo mbili ni za zamani, prosesa zake hazina maagizo ya AVX. Kompaili upya kwa `-march=x86-64-v2`, kompaila ya GCC 11 kwenda juu, kisha uifunge ndani ya kontena la Apptainer (kifurushi cha programu na maktaba zake) ili maktaba ziwe zile zile kote.