Rigi ya kadi sita, pawasaplai moja itabeba?

Wakuu habari, nimepata kadi za picha (GPU) RTX 3070 sita za mtumba nataka kufunga rigi, yaani kompyuta ya kadi nyingi ya kuchimba kripto, hapa Mbagala, pawasaplai ninayo moja ya wati 1000, itabeba au nitaunguza nyumba ya watu? Raiza (vile vibodi vya kuunganisha kadi na bodi kubwa) nataka nizichomeke kwenye waya za SATA, zile za kulishia diski, maana ndo zimebaki

Jibu: Mkuu SATA usithubutu!! Raiza inaweza kuvuta mpaka wati 75, plagi ya SATA mwisho wake 54, mi yangu iliyeyuka nikaamshwa na harufu ya plastiki saa nane usiku. Tafuta waya za pini 6. Halafu hiyo kadi usipoigusa setingi zake inakula wati 220, mara sita ni 1320, saplai yako haifiki hata kwa maombi. Ukizibana kwenye setingi kila moja isizidi wati 120 hapo inakuwa 720, weka na bodi na feni kama 800 hivi, itabeba

Jibu: 800 masaa 24 ni yuniti 19 na ushee kila siku, hesabu ya luku umepiga? Na unachimba nini sasa, Ethereum, sarafu iliyokuwa ikichimbwa kwa kadi hizi, iliachana na uchimbaji wa kadi Septemba 2022, ndo maana za mtumba zilimwagika sokoni

Muulizaji: Dah hiyo sikujua kabisa. Nauza nne, mbili nabaki nazo za gemu