Choa, pumu ya ngozi au soriasisi: ulijuaje ni kipi? Tupeane uzoefu

Mama Pacha: Jana kwenye daladala konda anamwambia dada mwenye mabaka viwikoni, "Anti, si upake dawa ya fangasi." Nikakumbuka yangu. Duara moja pajani, duka la dawa wakasema pumu ya ngozi, wakanipa tyubu ya betamethasone, krimu ya steroidi ya kutuliza muwasho na uvimbe. Siku ya tatu muwasho kwisha! Nikiacha wiki, duara linarudi na ndugu zake. Miezi minne hiyo. Kingo zikafifia hadi daktari wa kwanza akashindwa kuitambua. Wa pili akakwangua magamba, akayatilia dawa, akachungulia kwenye hadubini: fangasi, yaani choa. Tyubu ilikuwa inaninyamazisha mimi huku inawanenepesha wao.

Kibarazani: Inawanenepesha haswa.

Suti Nyeusi: Mimi kinyume. Dawa za fangasi miaka miwili, kumbe soriasisi, ugonjwa wa ngozi wa mabaka yenye magamba usioambukiza. Harusi ya mdogo wangu, magamba ya kichwani yananishukia mabegani, shangazi ananipangusa mbele ya kamera, pa! pa! pa! Nilitamani nimezwe. Choa kwa kawaida hupoa katikati, kingo zikabaki zimeinuka. Baka langu lilikuwa nene lote, na kucha zina vitobo kama zimechomwa sindano. Na weusi wenzangu, msisubiri wekundu wa kwenye picha. Langu lilikuwa zambarau kuelekea kijivu.

Fundi Redio: Mnahangaika. Choa ni maji ya betri tu. Nilipaka shingoni, kikafa siku hiyohiyo.

Mama Pacha: Na ngozi?

Fundi Redio: Nayo ikafa. Kovu ninalo.

Kibarazani: Mkuu, betri ya gari au ya pikipiki? 😂😂

Bi Tanga: Afadhali yako, mimi kitunguu saumu kilinitoa malengelenge.

Tibalishe: Ulikiacha muda mrefu.

Bi Tanga: Ningekupaka wewe, ningekiacha mpaka asubuhi.

Mama Pacha: Jamani turudi kwenye mada.

Nesi Mstaafu: Pumu ya ngozi kwa watoto wakubwa hupenda mikunjo: ndani ya viwiko, nyuma ya magoti. Soriasisi hupenda upande wa nje. Baka ukiligusa na pamba husikii, usipake chochote, nenda kapimwe ukoma. Dawa zake ni bure.

Fundi Redio: Langu halisikii.

Nesi Mstaafu: Lako ni betri, baba.

Suti Nyeusi: @Mama Pacha, tyubu iliyobaki ulitupa?

Mama Pacha: Ipo kabatini. Kwa nini?

Suti Nyeusi: Mke wangu anaiulizia. Anasema inang'arisha uso.

Nesi Mstaafu: Mpe simu niongee naye.