Jumapili ya urithi wetu Waafrika kanisani, tufanye nini zaidi ya kitenge?

KatibuVijana_Eastlands
Bwana asifiwe wapendwa. Naomba mawazo. Mimi ni katibu wa vijana kwa parokia moja ya Anglikana huku Eastlands na vika wetu, yaani kasisi wa parokia, ametupatia Jumapili moja mwezi ujao tusherehekee urithi wetu kama Waafrika ndani ya kanisa. Tulikaa kikao Jumamosi, masaa mawili mazima ni kitenge cha rangi gani na nani atapika mukimo na nani ataleta samaki, nikarudi nyumbani na moyo mzito. Nguo na chakula napenda sana, sikatai, lakini binamu yangu yuko Philadelphia na huko kila Februari wanamkumbuka Absalom Jones, alizaliwa mtumwa, akapata uhuru 1784, na baadaye akawa kasisi wa kwanza mweusi wa kanisa letu Marekani. Watoto wa sande skuli wanajua jina lake. Wetu ukiwauliza ni nani alitangulia hapa watakutajia wamishenari wazungu tu, Krapf na askofu Hannington. Tufanyeje?

Baba_wa_Kayole
Mimi nauliza tu kwa nia njema. Huko Marekani weusi walikuwa wanasukumwa nje ya kanisa, lazima wajikumbuke. Hapa kanisa zima ni sisi, sasa tunasherehekea nini? Na kitu naogopa zaidi ni ukabila. Kwetu tulifanya siku kama hiyo, kila kabila likapewa hema lake, na kuna mzee mmoja hakuwa na wenzake akakaa peke yake kwa kiti cha plastiki hadi ibada ya mchana ikaisha. Iliniuma.

Mkisauni
Baba wa Kayole nimekusikia na jibu lako liko kwetu Mombasa. Freretown ilianzishwa na wamishenari wa CMS, kile chama cha Kianglikana cha Uingereza, 1875 iwe makao ya watumwa waliokombolewa, na ile kengele yake ndiyo imepatia mtaa wa Kengeleni jina. Watu wale hawakuwa kabila moja, kulikuwa na Wayao, Wamakua, Wanyasa, wengi waliibwa wakiwa watoto hata kwao hawapakumbuki vizuri, wakaishi pamoja, wakaomba pamoja. William Jones alikuwa mmoja wa waliookolewa baharini wakalelewa India. 1885 yeye na Ishmael Semler wakafanywa mashemasi na huyo huyo Hannington. Mwaka huo huo Jones akatoka na Hannington kwenda Uganda, askofu akatangulia na wachache akauawa Busoga, na ni Jones aliyerudisha msafara wote kwa miguu hadi Rabai huku kwetu Pwani, Februari 1886. Mtu wa mbele alikuwa amebeba kitambaa cha samawati kimeshonwa herufi nyeupe, IKABODI, yaani utukufu umeondoka. Mimi nikifikiria hicho kitambaa hua natulia kabisa. Hannington kila mtu anamjua, na aliyewafikisha watu nyumbani je?

MamaWaKwaya
Asante sana Mkisauni, nimesoma mara mbili. Katibu mwanangu, msisahau pia urithi uko ndani ya ibada yenyewe. Ile liturujia ya Kenya ya 1989, ile baraka ya mwisho tunarusha mkono kuelekea msalaba, imetokana na desturi ya Waturkana. Watoto wanarusha mkono kila Jumapili na hakuna mtu amewahi kuwaambia. Mwambie vika asimame dakika mbili tu kabla ya baraka aeleze, ndio mrushe. Nami nilisimuliwa na mama yangu vile kwao ngoma haikuruhusiwa kuvuka mlango wa kanisa, ilikuwa inaitwa ya kishenzi, leo ndiyo tunaingia nayo na sadaka.

Baba_wa_Kayole
Hapo mmenishika. Kama ni hivyo basi msiweke hema hata moja, watu wakae meza moja.

KatibuVijana_Eastlands
Wazee wangu mbarikiwe, sikutarajia haya yote. Nimeshapigia mwenyekiti, amekubali majina yasomwe kwa maombi, William Jones na Semler, na Festo Olang' aliyekuwa askofu mkuu wetu wa kwanza 1970. Meza moja pia amekubali. Na maandamano yataanza getini, mtoto mmoja wa sande skuli mbele na hicho kitambaa. Samawati nimenunua leo jioni Gikomba, mama ana cherehani, Ijumaa tunashona herufi.