Macho yanawasha msimu wa chavua, matone ya kuondoa wekundu hayasaidii. Nifanyeje?

Kungu_Manga: Wakuu, macho yote mawili yanawasha na kutoa machozi, asubuhi kope zimevimba. Vidonge vya mzio vya setirizini vimetuliza pua, macho bado. Matone ya kuondoa wekundu yanasaidia saa chache, kisha wekundu unarudi kwa kishindo. Navaa lenzi laini za machoni.

Mfamasia_Mtulivu: Achana na hayo matone. Yanabana mishipa tu, mzio hayaugusi. Ukiyatumia mfululizo siku kadhaa, kila yakiisha nguvu mishipa inatanuka kuliko mwanzo. Tafuta matone ya mzio ya ketotifeni 0.025%: tone moja kila jicho, mara 2 kwa siku, yapishane saa 8 hadi 12. Inazuia histamini, kemikali ya mwili inayoleta mwasho, na kutuliza seli zinazoimwaga. Matone ya kromoglikati nayo ni mazuri, ila ni mara 4 kwa siku na haishiki haraka. Hiyo huanzwa kabla ya msimu. Ukiianza macho yameshachachamaa utasema ni feki.

Mboni: Na usifikiche macho! Kufikicha kunazichokoza seli zilezile zimwage histamini zaidi, ndiyo maana raha yake haidumu. Loweka kitambaa safi kwenye maji baridi, kamua, weka juu ya macho uliyoyafumba dakika 5 hadi 10. Machozi bandia yasiyo na kihifadhi yatangulie kuosha chavua, subiri dakika 5, ndipo dawa. Ukigeuza mpangilio unaisuuza dawa yako mwenyewe.

Bwana_Haraka: Mnamzungusha bure. Matone ya deksamethasoni yanakata siku hiyohiyo.

Mfamasia_Mtulivu: Yanakata kweli, lakini yanaweza kupandisha presha ya jicho bila dalili yoyote, na yakitumika muda mrefu yanaleta mtoto wa jicho. Kama kuna hapesi (maambukizi ya virusi) kwenye konea, ule utando angavu wa mbele ya jicho, yanaichochea. Hayo ni ya daktari wa macho, anayepima presha huku unatumia. Kwake uende pia ukiona maumivu, mwanga unaumiza, uoni umefifia, jicho moja tu limewaka, au tongotongo zito la njano.

Kungu_Manga: Nimeelewa. Lenzi je? Na tone moja linatosha kweli?

Mboni: Linatosha, jicho halina nafasi ya kubeba hata tone zima, la pili linaishia shavuni. Vuta kope ya chini, dondoshea kwenye kile kimfuko bila ncha ya chupa kugusa kope, fumba, bonyeza kona ya ndani karibu na pua kwa dakika moja. Usipobonyeza, dawa inateremkia puani na utaonja uchungu kooni. Lenzi pumzisha, vaa miwani, maana chavua inanasa juu yake na lenzi laini inanyonya kihifadhi cha matone. Ukilazimika, vaa zile za kutupa kila siku, angalau dakika 15 baada ya dawa.

Mfamasia_Mtulivu: Setirizini endelea nayo, ila macho yakianza kukauka kama yana mchanga, ishuku.