Naomba ushauri: kuongeza tundu la AUX kwenye redio ya kaseti

MwanaLangoni: Assalam aleikum jamaa. Gari ni Corolla 100 ya 1994, redio ni ile iliyokuja nayo kutoka Japani, ya kaseti. Nataka kuongeza tundu nichomeke simu. Jumamosi tuna harusi Malindi na gari hili ndilo litakalombeba bwana harusi. Kubadilisha redio sitaki. Usingizi sipati.

Mchuuzi wa Spea: Ng'oa dude hilo, tia jipya lenye Bluetooth. Nusu saa umemaliza.

BiMkubwa Shela: Mimi nilipelekwa kwa mashua, matari yakipigwa njia nzima mpaka sauti zikawakauka waimbaji. Hakuna aliyeuliza waya. Harusi za siku hizi mwazifanya ngumu wenyewe.

Fundi Maweni: Njia zipo. Nyepesi kabisa ni kaseti ya waya: waitia kama kaseti ya kawaida, waya watoka nje kwenda kwenye simu. Transmita ya FM, kidude cha kurusha sauti ya simu mpaka redioni, itakusumbua, maana redio za Japani za enzi hiyo hushika FM ya megahazi 76 mpaka 90 tu, na transmita nyingi huanzia 87.5. Ukibaki na upenyo huo mdogo, ukikaribia mji stesheni zitakufunika. Njia safi ni kulehemu kwenye bodi ya saketi ndani ya redio, pale sauti ya kaseti inapopita kabla ya kufika kwenye kitufe cha sauti. Lakini hebu nambie, ushaifungua? Yalia sasa hivi?

MwanaLangoni: Nimeifungua kidogo. Kaseti ya waya haitaingia, mle ndani pamekwama. Kuna fundi ameshasema atalehemu, na nishamtumia nusu ya pesa, kwa hivyo hilo limekwisha.

Fundi Maweni: Hujanijibu. Yalia?

MwanaLangoni: Hailii. Niliunga waya wa simu kwenye nyaya za spika, nyuma ya redio. Ikafanya "tup", kimya. Simu nayo haitoi sauti kwa waya tena. Lakini jamaa, sauti si hutokea kwenye spika? Mtu yeyote angeanzia hapo. Na gari ni la mjomba. Yuko Umra, arudi Ijumaa.

Msafiri wa Garsen: Ngojeni kwanza. Jina lasema Langoni. Langoni ya Amu, kisiwani Lamu? Vichochoro vile punda wawili wakikutana mmoja arudi nyuma, Corolla yapita wapi? Simu imekufa, redio imekufa, mjomba yuko Makka, harusi Jumamosi. Huyu ametunga.

Mchuuzi wa Spea: Nami nilishangaa. Tuma picha.

MwanaLangoni: Wallahi sijatunga. Gari hulala Mokowe, upande wa bara, navuka kwa boti. Toka hapo ni Witu, Garsen, mpaka Malindi, na baina ya Witu na Garsen redio haishiki kitu. Ndiyo sababu nikataka simu.

Fundi Maweni: Mimi namwamini. Mtunzi angesema redio iliwaka moto. Hakuna anayebuni kwamba simu ilikufa upande wa waya peke yake. Sikiza mwanangu: redio nyingi za gari, waya wa spika unaouona kama hasi si arthi, yaani si volti sifuri. Nyaya zote mbili hukaa karibu na nusu ya umeme wa betri, kama volti 6. Arthi ya simu yako ilikutana na hizo volti 6. Halafu pale ndipo sauti inapotoka, si pa kuingizia. Ondoa waya wote ulioongeza, angalia fyuzi ya redio, kisha iwashe. Amplifaya nyingi hujizima zenyewe zikiguswa vibaya, huenda ikarudi. Isiporudi, ni ya kubadilishwa. Huyo fundi asilehemu tundu lolote kabla sauti haijarudi.

MwanaLangoni: Nishamlipa lakini. Na mjomba nikimwambia sasa si nitamharibia ibada?

BiMkubwa Shela: Mpigie, babangu. Habari hii asiikute tu barazani kwa watu.

MwanaLangoni: Jamaa, nimetoa nyaya. Fyuzi ilikuwa imekatika, nimeweka nyingine. Spika za kulia zalia, za kushoto bado. Mjomba nimempigia. Alinyamaza kitambo, akauliza kimoja tu: kaseti yake ya Maulidi iliyokwama mle ndani iko salama?

Fundi Maweni: Usiivute kwa koleo. Niletee redio nzima.

MwanaLangoni: Kesho navuka na boti ya kwanza.