Wamechukua bakshishi zetu wakazitoa sadaka, kisha wakatupigia makofi

Wakuu, nilijiambia nisiandike hasira zikiwa juu. Leo siku ya nne na hazijashuka hata kidogo, kwa hiyo naandika.

Niko Hamburg, mwanafunzi, na kama wengi wetu huku, wikendi nabeba sinia ili kodi ya chumba ipatikane. Jumamosi iliyopita wakala anayetupa vibarua alituita wahudumu 22 kwenye hafla ya hisani, zile za dansi rasmi: wanaume suti nyeusi na tai za kipepeo, wanawake magauni ya kuburuza, bendi kamili jukwaani, bendera ya Uingereza na ya Ujerumani zimesimamishwa pamoja mlangoni. Wanasherehekea urafiki wa nchi hizo mbili na kuchangia watoto wagonjwa. Tiketi moja euro 190. Na watoto wagonjwa sina ugomvi, naomba mtu asinigeuzie maneno huko chini.

Ugomvi wangu ni huu. Tuliambiwa tufike saa 9 alasiri. Tumetoka saa 8 usiku. Hesabu mwenyewe, ni saa 11. Kwenye karatasi tuliyopewa kusaini zimeandikwa 9. Kuuliza, tunaambiwa saa 2 zilizokatwa ni mapumziko. Mapumziko gani? Tulipewa robo saa, wima, kwenye korido ya nyuma ya jiko, tunakula mikate iliyorudi mezani. Sheria ya hapa inasema ukifanya kazi zaidi ya saa 9 unapumzika dakika 45. Hatukupata hizo 45, halafu tumekatwa 120.

Sasa njoo kwenye bakshishi. Pale kaunta ya vinywaji tuliweka chupa kubwa ya kioo. Makubaliano yetu ni ya siku zote: kila kinachotolewa kinaingia chupani, kazi ikiisha tunagawana sawa, mpaka wale wanne wa kuosha vyombo ambao mgeni hawaoni kabisa. Wageni walikuwa wakarimu, lazima niseme. Bibi mmoja wa Kiingereza, mkono unamtetemeka, alikunja noti ya euro 20 mara nne, akaisukumiza kwenye mfuko wa kizibao changu, akaushika mkono wangu akasema: hii ni yako wewe, si ya mtu mwingine. Nikaenda kuitia chupani. Dada wa kaunta aliihesabu saa 5 usiku, ilikuwa euro 612. Kwa watu 26 ni euro 23 na senti kila mmoja. Kwa aliyezoea hafla za namna ile si kitu. Kwangu ni chakula cha wiki.

Saa 6 kasoro, mshereheshaji akapanda jukwaani na chupa yetu mkononi. Akaiinua juu. Akatangaza kwamba wahudumu nao wameguswa na jambo hili jema, wameamua kutoa bakshishi zao zote za usiku ule kwa ajili ya watoto. Ukumbi mzima ukasimama ukatupigia makofi. Mimi nilikuwa ukutani na sinia lenye glasi 14 za shampeni. Kijana wa Mombasa tuliyesimama naye akaninong'oneza: "Ndugu yangu, we umeulizwa?" Sikuulizwa. Hakuna aliyeulizwa, nimewapigia simu mmoja mmoja. Na mbele ya watu wote wale waliosimama kukushangilia, utasema nini? Ukikataa wewe ndiye mnyang'anyi wa watoto wagonjwa. Walilijua hilo vizuri, ndiyo maana hawakuja kutuuliza jikoni.

Kwa wasiojua: kwa sheria za Ujerumani bakshishi anayoitoa mgeni kwa hiari ni mali ya mhudumu. Haimo kwenye mshahara, haikatwi kodi, na mwajiri hawezi kuichukua akaifanya anavyotaka.

Kama ingekuwa hela tu, ningeandika barua yangu nikanyamaza. Lakini kulikuwa na hotuba.

Kabla ya chakula mzee mmoja Mjerumani alizungumza, na mwanzoni alizungumza vizuri. Alitaja Coventry, mji wa Uingereza, ulivyopigwa mabomu na Wajerumani usiku wa Novemba 14, 1940. Akataja Hamburg hii hii ilivyoteketea Julai 1943. Akaeleza kuhusu msalaba wa dhahabu ulio juu ya kanisa la Frauenkirche, Dresden, kwamba ni zawadi kutoka Uingereza, na sonara aliyeshiriki kuutengeneza baba yake alikuwa rubani katika ndege zilizoishambulia Dresden mwaka 1945. Hapo niliguswa kweli. Akafika kwenye mkataba wa urafiki uliosainiwa London Julai 17, 2025, kati ya Starmer wa Uingereza na Merz wa Ujerumani. Sawa.

Kisha akaleta kisa cha "zamani kidogo". Majenerali wawili, Lettow-Vorbeck Mjerumani na Smuts aliyeongoza jeshi la Waingereza, waliokimbizana porini Afrika Mashariki kwenye Vita Kuu ya Kwanza, na mwaka 1929 wakaketi pamoja London kwenye karamu ya maveterani wa vita hiyo, wakawa marafiki mpaka uzeeni. Watu wakacheka kwa furaha, glasi zikagongana. Mzee akaomba dakika moja ya ukimya kwa waliokufa "pande zote mbili".

Pande mbili! Nimesimama pale, mikono inauma kwa sinia nisiloruhusiwa kuliweka chini, najiuliza wa kwetu wako upande upi.

Wakuu, vita ile ilipiganwa kwetu. Tanga, Novemba 1914. Mahiwa kule Lindi, Oktoba 1917. Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha Novemba 25, 1918, Mbala, ambayo leo ni Zambia, wakati Ulaya walikuwa wameshaacha kupigana wiki mbili nyuma. Miaka minne hiyo mizigo ilibebwa na nani? Mbung'o waliua farasi na punda, kwa hiyo vichwa vya watu ndivyo vilivyogeuzwa magari. Waingereza walikusanya wapagazi wanaokaribia 1,000,000 kutoka Kenya, Uganda, Nyasaland, Kongo na Tanganyika yenyewe. Kumbukumbu zao wenyewe zinakiri kwamba waliokufa walipita 95,000, wengi si kwa risasi bali kwa kuhara damu, malaria na njaa. Wajerumani wa kwao hata orodha ya maana hawakuweka. Kariakoo ya Dar mnayoendea kununua mitumba imepata jina kwa kambi ya wapagazi hao, Carrier Corps kwa Kiingereza, na Kariokor ya Nairobi ni jina hilohilo.

Mimi ni Mgogo. Kwetu Dodoma wazee walihesabu miaka kwa Mtunya, ile njaa iliyotuangukia kuanzia 1917 baada ya majeshi yote mawili kupita kwa zamu: huyu anachukua ng'ombe na nafaka, yule anachukua wanaume wakabebe mizigo, mvua nayo ikakataa. Bibi yangu alilelewa na mama aliyezika ndugu zake Mtunya. Alikuwa hatupi ukoko wa ugali, anaufunga kwenye kitambaa. Nimeuona ule ukoko kwa macho yangu, nikiwa na miaka sita, chini ya mto wake wa kulalia.

Watu hao ndio walioilisha vita ya marafiki wawili wa karamu ya London. Na mishahara je? Wapagazi wengi waliofia njiani, mshahara wao haukufika kwa familia zao. Lettow-Vorbeck alifia hapa hapa Hamburg mwaka 1964, na mwaka huohuo bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha malipo kwa askari wake wazee waliobaki Tanganyika. Kwa askari. Mbeba mzigo hakuitwa dirishani. Mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilitoa ripoti yake yenyewe: watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, walikufa wakiutumikia upande wa Uingereza katika vita ile na majina yao hayakuandikwa popote, au hawakukumbukwa kabisa.

Ripoti iko wazi kwa kila mtu, na huyu mzee aliyesoma mpaka menyu ya mwaka 1929 hakuona sentensi moja ya kuwapa. Kisha saa chache baadaye wanachukua hela ya wabeba sinia, bila kuuliza, na kuita ni hiari. Mtu asiniambie hayo ni mambo mawili tofauti. Na wale watakaosema "hutaki, rudi kwenu", nimeshawasikia. Nadai saa 2 nilizofanya kazi na hela niliyopewa mkononi. Hiyo haihitaji pasipoti.

NYONGEZA, Jumatano jioni: Wakala amejibu. Anasema kulitokea "kutoelewana", bakshishi zimeshaingizwa kwenye akaunti ya mfuko wa watoto na haziwezi kurudishwa, hivyo kila mhudumu atapewa vocha ya euro 10 ya duka la vitabu. Kuhusu saa 2 hajaandika neno.

Wahudumu 17 kati ya 22 tumesaini barua, na waosha vyombo wote wanne. Hatutaki watoto warudishe chochote, wakala atulipe euro 612 kutoka mfukoni mwake, pamoja na saa alizokata. Nakala inakwenda kwa waandaaji, na humo nimeweka aya moja kuhusu wapagazi, na ombi kwamba mwakani dakika ile ya ukimya iwataje. Kijana wa Mombasa ndiye aliyesema tuiweke aya hiyo mwanzo, kabla ya hela. Tumeiweka mwanzo.

Kama ulikuwa kwenye zamu ile na bado hujasaini, nitumie ujumbe wa faragha. Barua inaondoka Ijumaa saa 4 asubuhi. Jina la wakala msiliandike hapa.